Ndala Iliyobaki Kilole

Zaina mwanangu,

Watu huanza barua kwa kusema wao ni wazima, hofu ni kwa aliye mbali. Mimi hofu ninayo na wewe hujatoka hata nje ya Kwamsisi. Umekwenda kwa mjomba wako kuaga, utarudi magharibi umeshiba bada la muhogo na maneno, na nataka ukirudi uzikute karatasi hizi juu ya begi lako. Usome peke yako. Usinisomee, ninajua kilichomo.

Mkono unaoandika ni wa Nasieku, yule Mmaasai anayetuletea maziwa. Najua utashangaa. Humu kijijini wamo watoto wa shangazi zako waliomaliza kidato cha nne, lakini nikiwaambia wao maneno haya, jua halijazama yatakuwa yamefika Mkata na kurudi. Mimi darasa sikuliona hata siku moja, kwa hiyo siri yangu lazima ipite kwenye mkono wa mtu, na nimechagua mkono huu. Ameketi kwenye kigoda changu, daftari liko gotini, ananiambia, "Koko, tulia basi, sema taratibu." Koko ndiyo bibi kwao. Kutulia siwezi. Nimeshainuka mara tatu, mara kugeuza mahindi kwenye mkeka, mara kumfukuza mbuzi wa jirani, mara kuchungulia njiani kama unakuja.

Habari za blanketi, na chakula cha njiani, na wanaume, sitakuambia. Shangazi zako wamekuambia mpaka masikio yamechubuka. Mimi nina neno moja, nalo linanikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu ule mwaka wa korona.

Nilikuambia kwamba mama yako nilimwosha mimi, kwa mikono yangu hii. Si kweli. Sikumwosha. Sikuingia hata ndani.

Nasieku ameinua kalamu, ananitazama. Nimemwambia andika, mtazame baadaye.

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza miaka yote hii na hakuna aliyenisuta. Lakini siku ile ulipopata barua ya chuo cha uuguzi, ulisimama hapa uani mbele ya watu ukasema unakwenda Nzega kwa sababu bibi yako hakuogopa. Watu wakapiga vigelegele. Nikapiga na mimi. Usiku huo nilihesabu vijiti vya paa mpaka alfajiri. Mtoto anakwenda nchi ya watu kuuguza wagonjwa, na nguzo aliyoegemea ni uongo wangu. Basi nikaona heri unione mdogo sasa, ukiwa bado nyumbani, kuliko unione mkubwa mpaka nife.

Unajua kazi yangu hapa. Mwanamke akifa Kwamsisi, naitwa mimi. Alinifundisha mama mkwe wangu, mwanamke mkali, aliyesema maiti haing'ati, wanaong'ata ni walio hai. Nimewaosha wazee, nimewaosha wazazi waliokufa na watoto tumboni, nimemwosha mwanamke aliyetolewa mtoni baada ya siku tatu. Nikisikia mwingine anaogopa maiti, nilikuwa namcheka usoni. Kumbuka hilo, kwa sababu Mungu alilikumbuka.

Ugonjwa ulipoingia, hata jina lake watu walikuwa wanalizunguka. Wanasema fulani amebanwa kifua, fulani ana shida ya kupumua. Kila nyumba ndoo ya koki mlangoni, kila jioni watu wanajifukiza majani ndani ya blanketi kama wanaivisha ndizi. Hapa kwetu tukalaza gogo njiani pale kwenye mkorosho, tukasema mgeni asivuke. Mgeni alikuwa nani? Alikuwa muuza nguo wa mnadani, alikuwa Mmang'ati wa ng'ombe, alikuwa huyu Nasieku. Mtoto wa kwetu aliyetoka Dar na kikohozi chake alivuka gogo tukamkumbatia. Nasieku aliyelala kilomita mbili kutoka hapa, hakohoi wala hapigi chafya, nilimwambia aweke dumu lake pale pale arudi nyuma. Na aliporudi nyuma nikamwaga maziwa yale chini, akiwa ananiona.

Nimemwuliza sasa hivi, "Ulisema nini siku ile?"

"Nilisema mbwa wenu watanenepa," amejibu, na anaandika huku anacheka. "Na walinenepa, koko."

Na bado siku chache baadaye aliweka dumu jingine pale kwenye gogo. Sikumwuliza kwa nini. Siku hizo nilikuwa siulizi mtu kitu, na hapo ndipo balaa langu lilipo, utaona.

Mama yako alikuwa na meza yake ya chai na chapati stendi ya Korogwe, amepanga chumba Kilole. Wewe nilikuwa nawe hapa, ulikuwa darasa la saba. Siku moja asubuhi simu ikalia, sauti ya mwanamke nisiyemjua. Hakusalimia.

"Wewe ndiye mama wa Mariamu wa chapati?"

"Mimi. Nani mwenzangu?"

"Jirani yake. Amelala siku tisa. Hospitali wamempa dawa wakasema arudi, kumejaa. Njoo."

Nilipanda pikipiki mpaka Mkata, nikapanda basi, uso wote nimeuzungushia kanga kama mwizi wa kuku. Kondakta alikuwa akipokea nauli kwa ncha za vidole. Watu tulikaa kila mmoja ameuegemea upande wake, na mtu akikohoa, basi zima linageuka kumtazama kama amemtukana mama wa dereva.

Kilole nilifika saa tisa mchana. Uani nikamkuta mwanamke mrefu, mweusi tii, amejifunga kitambaa puani, anafua shuka za mama yako kwenye karai. Mimi ni mtu mzima, na yeye ni mtu mzima. Tulitakiwa tusalimiane. Nilitakiwa nimwulize hali yake, na kwao ni wapi, na yeye ni nani, na amezaliwa na nani, maana hivyo ndivyo tunavyofanya hata kwa mtu anayepita kuomba maji. Nilisema tu, "Yuko wapi?" Nikasimama mbali kama hatua kumi.

Akaonyesha mlango kwa kidole chenye povu.

Nilikwenda mpaka dirishani. Dirisha lile lina nondo na wavu uliochanika pembeni. Mama yako alikuwa amelala ubavu, kifua kinapanda kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Akaniona. Nisikilize hapa Zaina, maana hapa ndipo ningependa sana kudanganya tena. Ningependa kukuambia kwamba alisema, "Mama, usiingie, mwangalie Zaina." Nimeshawahi kuwaambia watu hivyo. Hakusema hivyo. Alisema, "Mama, ingia."

Sikuingia.

Nilijiambia ni kwa ajili yako, kwamba nikiupata na mimi utabaki na nani. Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine ilikuwa ni miguu tu. Miguu iligoma, mwanangu. Mikono hii iliyoosha watu wa tarafa nzima ilishika nondo za dirisha la mtoto wangu na haikuachia. Nikamwambia, "Nipo hapa Mariamu, nipo hapa." Akafumba macho. Sijui kama alinielewa au alinichoka.

Aliyeingia ni yule mwanamke. Aliingia na bakuli la uji, akamwinua kichwa, akamnywesha kwa kijiko, akampangusa, akamgeuza, akatoka. Kwa siku kumi alikuwa akifanya hivyo, na yeye hakuwa na undugu hata wa kuombana chumvi na mama yako, ila vyumba vyao vilitazamana. Jina lake Milembe. Lile jina nililisikia mwenye nyumba akimwita kwa mbali. Mimi sikuliuliza.

Nililala kibarazani kwake, kwenye mkeka alionitupia. Asubuhi, jua limeshapanda, akatoka ndani ya chumba cha mama yako, akasimama mlangoni, bakuli la uji bado limejaa. Nikajua.

Nimeinuka tena. Nasieku anasema nimezunguka nyumba mara mbili kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimerudi.

Milembe alitafuta wanawake wa Kiislamu wa kuosha. Alikwenda kwa wawili pale Kilole, akatuma mtu Masuguru kwa mwingine. Mmoja anaumwa, mmoja mumewe amekataa, wa tatu hakufungua mlango. Akarudi, akasimama mbele yangu, kiuno amekishika.

"Mama, nasikia kwenu wewe ndiye mwoshaji."

Nikaikaza kanga yangu.

"Haya. Mimi ni Mkristo, maneno yenu siyajui. Wewe kaa dirishani useme, mimi nitaosha. Mdomo wako unaweza kuingia, au na wenyewe unaogopa?"

Nilimchukia hapo hapo. Mtoto wangu hajapoa, na mtu ananisimanga. Lakini nikaenda dirishani, kwa sababu kulikuwa hakuna mwingine, na yeye akaingia na ndoo, kwa sababu kulikuwa hakuna mwingine.

"Nianze na nini?"

"Sema Bismillahi."

"Bismillahi. Nimezaliwa mkongeni, mama, kambini tulikuwa dini zote. Bismillahi haijawahi kuniunguza. Endelea."

"Mfunike nguo, usimwache wazi."

"Amefunikwa. Sikuja kumtazama."

"Anza upande wa kulia."

"Kulia kwake au kwako, bibi wa dirishani?"

"Kulia kwake."

"Uliza Mzigua njia, atakupeleka shambani kwake," akasema, na maji nikayasikia yakimwagika. "Haya, kulia kwake. Mara ngapi?"

"Mara tatu. Polepole. Mkono wake wa kulia ulivunjika alipokuwa mdogo, usiuvute."

Nikaona kivuli chake kimeinama, ameushika ule mkono kwa mikono miwili kama mtu anayebeba yai. Halafu akaanza tena. "Mzigua mwoga we. Wenzako wanaosha, wewe unatangaza kama redio. Ukifa wewe nitakuosha na maji ya kisima chenye minyoo. Sasa nini? Sema, betri imekwisha?"

Na mimi nasema, sauti inakatika, nasema, sasa kushoto, sasa karafuu maiti kwenye maji ya mwisho, sasa mkaushe, sasa sanda, ya kwanza hii, ya pili hii. Kila neno langu likawa mkono wake. Mwisho akamfunga vizuri kuliko ninavyofunga mimi. Wanaume wanne wa mtaa wakaja kubeba, wamefunga nyuso, hata dini zao sizijui, hakuna aliyemwuliza mwenzake. Imamu akasalisha kwa mbali. Kaburi unalijua, nilikupeleka mwenyewe.

Tuliporudi makaburini, nimevua ndala mlangoni ninawe miguu, Milembe akainama akachukua ndala moja. Ile ya kushoto. Akaiweka kwapani.

"Hii naondoka nayo," akasema. "Miguu isiyojua kuingia ndani, viatu viwili vya nini?"

Na akacheka, Zaina. Macho yake yalikuwa mekundu na maji yanatiririka chini ya kile kitambaa, na akacheka, akanitazama kama anangoja kitu.

Mimi nilimpa nilichokuwa nacho. Nilimtukana tusi ambalo Nasieku amekataa kuliandika, anasema kalamu yake inasali. Nikamwambia ni mchawi, amemla mtoto wangu na sasa anakula viatu. Nikamwambia Mungu amlipe. Kicheko kikamtoka usoni. Akaingia kwake, akafunga mlango, na ndala akiwa nayo. Nilitembea mpaka stendi mguu mmoja na ndala, mmoja peku. Watu walinipisha. Siku hizo kila mtu alimpisha mwenzake, sikujua kama wananiogopa au wananihurumia.

Nilipofika hapa kwenye gogo, watu wakauliza kwa mbali, "Nani kamwosha?"

Nikasema, "Nani tena? Mimi."

Lilitoka hivyo, jepesi kabisa. Unakumbuka nililala jikoni siku kumi na nne, ukinisukumia sahani kwa mti wa mchi? Ulikuwa ukikaa kule uani ukilia, na ukiniuliza, "Bibi, mama alikuwaje?" na mimi nakujibu, "Alikuwa mwepesi, mwanangu, nilimshika vizuri." Nilikula chakula cha shujaa siku kumi na nne. Hakuna chakula kigumu kumeza kama hicho.

Sasa ujue nilivyojua Milembe alikuwa nani kwangu.

Mwaka uliofuata alifariki mzee wa upande wa juu, na wewe ulikuwepo kwenye msiba. Wakati wanaume wamekaa na huzuni zao, akaja yule mchoma mkaa wa Mkata, yule Mnyamwezi mwenye kofia ya pama, akalala kwenye kitanda cha marehemu akajifanya anakata roho. Akachukua jembe la marehemu akasema Wazigua hamjui kulima, jembe hili mlikuwa mnachokonolea meno. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Mtoto wa marehemu akamletea kuku, akamwambia, "Mtani, rudisha jembe la baba." Akarudisha. Halafu huyo huyo ndiye aliyeshuka kaburini akafukia, mpaka jasho likamloa.

Nilikuwa nakoroga sufuria. Mwiko ukanitoka mkononi.

Nikamwuliza mjomba wako, "Milembe ni jina la wapi?"

"La Unyamwezini huko. Wajukuu wa manamba wa mkonge wapo wengi tu Korogwe. Kwani nini?"

Nikasema moshi umeniingia machoni.

Mimi, Zaina. Mimi niliyezikiwa wazazi na watani, niliyewapa watani kuku mpaka banda likaisha. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu babu zao wanapita hapa na mizigo vichwani. Mtani kazi yake msibani ni kukutukana ili usife na maiti wako, na kukusaidia pale ambapo mikono yako imekufa. Na ukichukuliwa kitu unakikomboa, na mtani hakasirikiwi. Huyo mwanamke hakuwa na deni lolote kwangu ila hilo la babu zetu, na akalilipa lote, uji, shuka, maji, matusi, mpaka ndala. Na aliponitazama akingoja, alikuwa akingoja niseme tu, "Mtani, rudisha kiatu changu, kuku utamkuta Kwamsisi." Tungecheka. Tungelia. Badala yake nilimwita mchawi.

Kwa sababu gani? Kwa sababu sikumsalimu. Neno moja, "Kwenu wapi?", ningelisema tangu mwanzo, yote yangejulikana. Niliona siku ile salamu ni kupoteza pumzi, na pumzi ndiyo ilikuwa ghali.

Utaniuliza kwa nini sikurudi Korogwe kumwomba radhi. Korogwe si Ulaya. Nimepita hapo stendi mara nyingi, nikienda hospitali ya macho, nikija kaburini na wewe, na kila mara nilikuzungusha njia ya nyuma tusipite uani kwake. Ukisema, "Bibi, njia hii ndefu," nakuambia ina kivuli. Nilijua nikikaa naye dakika mbili, ukweli utatoka kwake uje kwako. Nililinda jina langu kwa mgongo wake. Ndiyo, andika hivyo hivyo Nasieku.

Kuna jambo jingine nililiona juzi tu, nilipokuwa nakunja nguo zako. Nilijiona nipo pale dirishani tena, namwambia Milembe, "Funga kitambaa mkono wa kushoto kabla hujapitisha chini." Na nikaona kivuli chake. Alikuwa ameshafunga. Kabla sijasema. Na pale kwenye maji ya karafuu maiti, ndoo alikuwa ameshaitenga pembeni. Mtoto wa kambi, amekua na Waislamu, amezika nao, angeshindwaje kujua? Alijua, Zaina. Yote alijua. Aliniweka pale dirishani aniulize ili niwe na kitu cha kumfanyia mtoto wangu.

Nasieku amegeuza karatasi. Sasa ameendelea.

Huko unakokwenda, utavaa nguo nyeupe na siku moja atasimama mtu mlangoni, mtu mzima na heshima zake, ndugu yake yumo ndani, na miguu itamgomea. Wenzako watamcheka chini chini. Wewe ungemcheka pia, kwa sababu umelelewa na hadithi ya bibi asiyeogopa. Sasa hadithi hiyo huna. Mtafutie kazi ya kufanya hapo hapo alipo.

Na wageni, sikuambii uwaamini. Mimi sikumwamini Milembe, wala yeye hakuwa na sababu ya kuniamini mimi niliyesimama hatua kumi. Na bado mtoto wangu alioshwa upande wa kulia, mara tatu. Kuamini kulikuja nyuma, miaka imeshapita, kukiwa kumechelewa na kunachechemea kwa mguu mmoja. Nasieku naye hakuniamini baada ya yale maziwa. Anasema alileta dumu la pili kwa sababu alikuona wewe umekaa kwenye gogo siku mama yako amezikwa. Hakuleta kwa ajili yangu. Na mimi leo nimempa siri ambayo sikumpa ndugu. Sijui tumefikaje hapa. Tumefika dumu kwa dumu.

Utafika Nzega, kwa Wanyamwezi wenyewe, utakuwa mtani wa mji mzima. Watakutukana mpaka utafute pa kujificha. Kabla hujakasirika, uliza kwao wapi.

Jua linashuka, nasikia sauti yako kule kwenye mkorosho ukicheka na mtu, kwa hiyo nafanya haraka.

Basi lako unalikamatia Korogwe. Ulidhani nitakuaga Mkata. Pikipiki ya asubuhi nimeiambia ibebe watu wawili na jogoo. Yule mwekundu, nimeshamfunika kwenye tenga, ndiyo huyo unayemsikia analalamika. Sijui kama Milembe bado yuko Kilole. Sijui kama atafungua mlango. Akifungua, nitamsalimu kwanza, nitamwuliza kwao wapi, na watu wake hawajambo, nitauliza yote mpaka achoke. Kisha nitamwambia, mtani, nimekuja kukomboa kiatu. Na ningependa uwepo umwone aliyemshika mama yako vizuri, umwulize yeye yale uliyoniuliza mimi nikiwa jikoni.

Lakini hilo ni lako kuamua. Mama ni wako, na uongo ulidanganywa wewe. Juu ya begi lako, chini ya karatasi hizi, utakuta ndala yangu ya kulia. Niliificha uvunguni miaka yote, kuitupa sikuweza, kuivaa sikuweza. Kama hutaki twende pamoja, iache hapo hapo, sitauliza, nitakuaga Mkata kama tulivyosema na nitakuombea dua ile ile. Kama unataka, asubuhi iweke mlangoni kwangu.

Mimi nitakuwa nimeshaamka. Nitakuwa nimekaa kitandani, miguu imeshanawa, nakusikiliza wewe, mke mwenzangu, ukitembea uani.

Bibi yako,
Mwanahawa. Doa hili jeusi ni dole gumba langu, nimelichovya kwenye masizi ya sufuria.